Vernazza, Italia: kijiji kilichoshikiliwa na kuta za mawe kati ya bahari na mlima

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa nyuzi za safari humu, na leo nimeona nianzishe wangu, kwa kuwa kila panapotajwa Cinque Terre mazungumzo hukwama kwenye picha za nyumba za rangi na bei za vyumba. Nimeishi kaskazini mwa Italia kwa miaka minne nikisoma, na katika miaka hiyo nimefika Vernazza mara tano, kiangazi na wakati wa baridi, safari nyingine nikiwa na wenzangu na nyingine peke yangu. Nina jambo moja la kuwaeleza, na mengine yote yatalizunguka hilo: kijiji kile kimeshikiliwa na kuta za mawe zilizojengwa na wakulima mlimani, na mgeni anayeishia bandarini ameona baraza akadhani ameiona nyumba.

Nianze na mahali penyewe. Ukitoka Genova kuelekea mashariki, kabla hujafika La Spezia, milima inashuka hadi baharini bila kuacha hata ukanda mwembamba wa tambarare, na hapo ndipo vilipojibana vijiji vitano vinavyoitwa kwa pamoja Cinque Terre: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Vernazza imetajwa katika maandishi ya mwaka 1080 kama mahali penye ngome, na baadaye ikaingia chini ya Genova, dola lililotawala pwani ile kwa karne nyingi. Kilichoipa uzito kuliko jirani zake ni ghuba yake ndogo ya asili, ambayo mashua ziliweza kujificha humo bahari ilipochafuka. Eneo zima, pamoja na Portovenere na visiwa vitatu vilivyo jirani, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997, na mwaka 1999 vijiji hivi vikawekwa ndani ya hifadhi ya taifa. Leo ukiwahesabu wakazi wa Vernazza pamoja na wa Corniglia, iliyo chini ya halmashauri hiyo hiyo, hawafiki elfu moja.

Wageni wengi huja kwa treni, na hiyo ndiyo njia ninayoishauri. Stesheni imebanwa kati ya mahandaki mawili, hivi kwamba behewa lako huweza kusimama likiwa bado gizani, na mtu asiyejua hudhani hajafika. Reli kati ya Genova na La Spezia ilikamilika mwaka 1874. Kabla ya hapo mtu alifika kwa mashua au kwa vijia vya nyumbu vya mlimani. Ukishuka ngazi za stesheni unaangukia Via Roma, barabara kuu ya kijiji, ambayo haipitiwi na magari ya wageni na inateremka taratibu kuelekea baharini. Chini ya barabara hiyo, chini ya miguu ya watu wanaokula aiskrimu, kinapita kijito cha Vernazzola, ambacho kilifunikwa zamani ili nafasi ya barabara ipatikane. Naomba mkiweke akilini kijito hiki, nitarudi kwake.

Barabara inaishia kwenye uwanja ulio wazi upande wa maji. Ukiielekea bahari, kulia kwako kuna kanisa la Santa Margherita d'Antiochia, linalotajwa katika maandishi ya mwaka 1318, lenye mnara wa kengele wa pembe nane, likiwa limesimama juu ya mwamba ukingoni kabisa. Kushoto, juu ya jabali, upo mnara wa mviringo wa ngome ya Doria, uliojengwa kwa ajili ya kuwatazamia maharamia. Mashua za uvuvi hufungwa ndani ya gati, na hali ya hewa ikiharibika huvutwa zikalazwa pale pale uwanjani, jirani na meza za mikahawa. Niliingia kanisani siku moja ya upepo mkali wa Novemba. Ndani mna giza, nguzo za mawe hazikupakwa kitu, na kila wimbi lililougonga mwamba niliusikia mshindo wake kana kwamba unatoka chini ya sakafu. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa hapo saa mbili tu. Nilikula, nikapiga picha, nikapanda treni nikiamini nimemaliza. Ya pili, treni zilisimama kwa saa kadhaa, na kwa kukosa la kufanya nikapanda kijia kinachoanzia nyuma ya nyumba kuelekea Corniglia. Haikupita nusu saa kijiji kizima kilikuwa chini yangu, na nikaona kitu ambacho picha hazikionyeshi: mlima wote umechongwa ngazi ngazi, kuanzia karibu na maji hadi kwenye misitu ya juu, na kila daraja la ngazi hizo limezuiwa na ukuta wa mawe matupu, bila saruji wala chokaa. Juu ya kila ukuta kuna kishamba chembamba, kingine hakizidi upana wa chumba cha kulala, chenye mizabibu au mizeituni. Wenyeji hupenda kuulinganisha urefu wa kuta zao na Ukuta Mkuu wa China, na ukisimama pale hushangai kwa nini.

Safari ya tatu nilimkuta mzee mmoja akijenga upya kipande kilichobomoka, chenye upana wa kama hatua nne. Mawe yaliyoanguka alikuwa ameyatenga mafungu matatu: makubwa ya msingi, ya wastani yenye uso bapa, na vijiwe visivyo na umbo lolote. Aliokota jiwe, akaligeuza mara mbili mkononi, akalikalisha. Lilipocheza alilitoa akajaribu jingine, na mara chache sana aligonga ncha kwa nyundo. Kila jiwe lilikalia mawili ya chini yake ili viungo visifuatane, na ukuta wote uliegemea nyuma kidogo, kuelekea mlimani. Vile vijiwe nilidhani ni taka za kutupa. Mzee akanirekebisha: hivyo ndivyo roho ya ukuta, hujazwa nyuma yake, kati ya mawe na udongo, ili maji ya mvua yapenye na kushuka polepole, maana ukuta unaozuia maji husukumwa na maji mpaka ukaanguka. Nilimsaidia kubeba vijiwe kwa ndoo hadi jua likakaribia kuzama. Kwa jioni nzima tulisimamisha ukuta ambao haukunifika kiunoni.

Ustadi huu wa kujenga kwa mawe matupu uliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya nchi nane: Italia, Kroatia, Kupro, Ufaransa, Ugiriki, Slovenia, Hispania na Uswisi. Heshima hiyo ni stahiki, lakini heshima haibebi mawe. Watu walianza kushuka kutoka mashambani zamani, tangu karakana kuu ya jeshi la majini ilipofunguliwa La Spezia mwaka 1869 na reli ikawapa vijana njia ya kufuata mshahara, na katika karne ya 20 viwanda na utalii vikamalizia. Ukuta mmoja ukibomoka bila kujengwa, maji hupata mlango. Ukuta wa chini yake hubeba mzigo usio wake, nao hufuata.

Sasa nirudi kwenye kijito. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua iliyonyesha nyuma ya pwani hii, kwa siku hiyo moja tu, ilizidi milimita 500 katika baadhi ya sehemu. Maji yalishuka Vernazza na udongo, mawe, miti na magari yaliyokuwa yameegeshwa juu ya kijiji; mfereji uliofunikwa ukaziba, na Via Roma ikageuka mto. Tope na vifusi vilirundikana hadi kupita kimo cha mita nne, maduka ya chini yakazikwa. Watu watatu walipoteza maisha Vernazza na mmoja Monterosso, na wakazi waliobaki waliondolewa kwa njia ya bahari. Watafiti waliolichunguza bonde baada ya hapo waliona kwamba maporomoko yalikuwa mengi hasa kwenye matuta yaliyoachwa miaka ya karibuni, ambako kuta hazina tena mwenyewe na msitu bado haujashika udongo kwa mizizi.

Ndiyo maana nasema nendeni, lakini pandeni. Nakaribisha maswali.

Binti wa Malindi

Kaka Mwana wa Pangani, ahsante kwa maelezo haya. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mji ambao Waitaliano wamejenga majumba na mahoteli tangu kabla sijazaliwa, na ambako watoto wa ufukweni hujifunza kuhesabu kwa Kiitaliano kabla ya kumaliza darasa la tatu. Hata hivyo wageni wote niliowahi kuwahudumia walinisimulia Milano na Roma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia wakulima wa mawe.

Nimepanga kumpeleka mama yangu mwakani. Ana miaka 65 na magoti yanamsumbua, hivyo kupanda mlima hawezi. Je, atakuwa anafika barazani tu, kwa msemo wako, bila kuiona nyumba? Na kuhusu visa, nianzie wapi?

Mwana wa Pangani

Dada, shikamoo yangu mfikishie mama.

Nianze na visa kwa kuwa ni fupi. Mtaomba visa ya Schengen ya muda mfupi, ile inayotumika Italia na nchi nyingi za Ulaya, ambayo hukuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ni lazima muwe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombeni mapema, kwa sababu nafasi za miadi hujaa kabla ya majira ya joto.

Kuhusu magoti ya mama, jibu ni boti. Kuanzia majira ya machipuko hadi vuli kuna boti za abiria zinazopita kwenye vijiji hivi, na hakuna mahali ambapo kuta zinaonekana vizuri kama ukiwa baharini, kwa sababu mlima mzima unasimama mbele yako kama mkeka uliotundikwa. Mpandisheni Monterosso na mshuke Vernazza; ni safari ya muda mfupi. Jua la adhuhuri huufuta uso wa mlima, hivyo chagueni boti ya alasiri, vivuli vya kuta vinapoanza kujichora, utaweza kuhesabu matuta moja moja.

Corniglia msiende kwa miguu. Kijiji hicho ndicho pekee kisichogusa bahari; kimekaa juu ya genge, na kutoka stesheni kuna ngazi iitwayo Lardarina yenye vidato zaidi ya 370. Kipo kibasi kinachopandisha watu, na hicho ndicho kitakachomfaa. Akitaka kutembea kidogo kando ya bahari, kuna Via dell'Amore kati ya Riomaggiore na Manarola, njia isiyo na mlima, iliyofungwa baada ya mawe kuwaangukia watu mwaka 2012 na kufunguliwa tena mwaka 2024. Hiyo huhitaji kuwekewa nafasi kabla.

Mtazamaji

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kwamba kuta zile ni kazi kubwa. Lakini kuna jambo ambalo kwa maoni yangu umelipita haraka. Mimi nilifika Vernazza mwezi wa Julai. Kutoka kwenye jukwaa la stesheni hadi mwanzo wa Via Roma tulisogea kwa hatua za foleni ya hospitali, na uwanjani hapakuwa na pa kuweka mguu. Katika vichochoro vya juu nilitaraji kuwakuta wenyeji, nikakuta milango iliyofungwa yenye visanduku vidogo vya namba za siri vya kuhifadhia funguo za wapangaji wa usiku mmoja.

Umesema mwenyewe kwamba utalii ni mojawapo ya mambo yaliyowashusha watu kutoka mashambani. Chumba kimoja cha kupangisha kinamwingizia mtu kwa wiki moja kile ambacho kishamba chake hakimpi kwa mwaka. Sasa nani atapanda kubeba mawe? Na wewe unapoandika uzi mzuri namna hii, ukawaalika mamia ya wasomaji, hauongezi uzito kwenye mzigo ule ule unaousikitikia?

Mwana wa Pangani

Ndugu Mtazamaji, swali lako ni la haki na nimelifikiria kwa siku mbili kabla ya kujibu.

Sidhani kwamba kijiji kile kinaweza kurudi nyuma hadi wakati ambapo hakikuwa na wageni. Kinachoweza kubadilika ni kile ambacho mgeni anakilipia. Anayekuja kwa saa mbili kutoka kwenye meli kubwa iliyotia nanga La Spezia hununua aiskrimu na sumaku ya jokofu, naye huchukua nafasi ile ile ya njia kama mtu mwingine yeyote. Anayelala siku tatu, akanunua divai kwa mkulima, akala samaki wa mvuvi wa pale, fedha yake hupanda mlimani. Hata tiketi ina maana yake: kadi ya hifadhi, Cinque Terre Card, ndiyo inayokuruhusu kupita kwenye vijia vya kulipia, na hifadhi ndiyo inayovitunza vijia hivyo.

Niseme kidogo juu ya divai, kwa sababu wako wasomaji wasiokunywa na wanaweza kuliruka jambo hili, ilhali ndilo linaloshikilia kuta. Mzabibu ndiyo sababu ya mkulima kupanda asubuhi. Asipokuwa na zabibu ya kuvuna hana haja ya ukuta. Divai nyeupe ya Cinque Terre ina hadhi ya kulindwa kisheria tangu mwaka 1973, na hutengenezwa kwa aina tatu hasa za zabibu: Bosco, Albarola na Vermentino. Iko pia ya thamani zaidi, tamu, iitwayo Sciacchetrà, ambayo zabibu zake huvunwa, zikaanikwa kivulini penye upepo kwa wiki nyingi mpaka zikanyauka, kisha zikachambuliwa kwa mkono punje kwa punje na kukamuliwa. Kilo nyingi za zabibu hutoa chupa chache. Nilimwona mkulima akiteremsha mavuno kwa kitoroli kinachotambaa juu ya reli moja iliyosimikwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mimi nilikuwa nimejishikilia kwa mikono miwili. Hapo hakuna trekta litakalofika kamwe. Mtu akilalamikia bei ya chupa ile ningemwomba kwanza akipande kile kilima akiwa na kreti begani.

Kuhusu msongamano, Julai na Agosti mimi siendi na simshauri mtu aende. Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba ni mavuno, Machi na Aprili kuna maua, na Novemba unaweza kukipata kijiji karibu peke yako, ingawa mvua kubwa zikitangazwa vijia hufungwa na ni lazima kutii. Kijia cha kutoka Monterosso, ambacho huchukua kama saa mbili kwa mtu wa mwendo wa kawaida, siku za wageni wengi huruhusiwa kupitwa kwa upande mmoja tu. Na tafadhali msiende na kandambili: hifadhi inakataza viatu visivyofaa kwenye vijia na inaweza kutoza faini, kwa sababu wanaoteleza huokolewa na watu wa kujitolea wa pale pale.

Suala la nani atabeba mawe halina jibu jepesi. Wapo vijana wachache waliorudi kwenye mashamba ya babu zao, na vipo vikundi vya kujitolea vinavyopokea hata wageni kwa siku kadhaa ili wajifunze kujenga ukuta. Ni wachache kulinganisha na mlima. Lakini wako, na nimewaona kwa macho yangu.

Fundi wa La Spezia

Wakuu, nimeishi La Spezia kwa miaka kumi na mmoja na kazi yangu ni ya ujenzi, hivyo naomba kuongeza kidogo na kusahihisha kidogo.

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri juu ya vijiwe vya nyuma ya ukuta. Hata hivyo, asije msomaji akadhani kwamba kuta zingetunzwa zote mwaka 2011 basi maafa yasingetokea. Mvua ile ingeangusha hata kuta nzima, na kuna zilizotunzwa vizuri zikaanguka. Kilichokiua kijiji siku ile ni mambo mawili yaliyokutana: udongo ulioachiliwa mlimani, na mto ulionyimwa njia yake chini ya barabara. Kijito ukikifunika unakipa kipimo, na siku kitakapotaka zaidi ya kipimo hicho hakitakuomba ruhusa. Ukarabati wa baadaye ulilazimika kuangalia yote mawili. Kwa barabara yenyewe, msanifu majengo mashuhuri Richard Rogers, aliyezoea kupumzika Vernazza na familia yake, alijitolea kuandaa mpango wa kuipa Via Roma sura mpya.

Jambo jingine ni saruji. Nimeitwa mara kadhaa na watu wanaotaka ukuta wa shamba urekebishwe haraka, na wanataka nijaze saruji kwenye viungo ili kazi iishe kwa siku moja. Nimekataa. Ukuta uliozibwa hupendeza kwa misimu miwili, kisha hutunga tumbo kwa mbele kama mjamzito, na siku moja ya mvua hutoka wote kwa pamoja, tofauti na ukuta wa mawe matupu ambao hubomoka kipande na hukupa nafasi ya kuuwahi. Mkiwa vijiani, angalieni matumbo hayo. Msikae chini yake kula.

Mwisho, mmezungumza siku tatu bila kutaja chakula, na hilo si sawa. Samaki wa pwani hii ni acciughe, jamii ya dagaa, ambao huvuliwa usiku kwa taa, na wa Monterosso husifika kwa kutiwa chumvi na kupangwa kwenye vyombo tabaka kwa tabaka. Vernazza wana namna yao: samaki hao hupangwa kwenye sinia pamoja na slesi za viazi na nyanya, vikaokwa pamoja, na huitwa tegame. Pesto ni mchuzi mzito wa majani wa Liguria yote, yaani mkoa mzima wa pwani hii, na ya kweli hutwangwa kwenye kinu cha marumaru kwa mchi wa mti: majani machanga ya mrehani, kitunguu saumu, kokwa za msonobari, chumvi ya mawe, jibini na mafuta ya zeituni. Kuna pia farinata, mkate mwembamba wa unga wa dengu na mafuta, unaookwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri ya kuni, ukaliwa ungali moto. Huo hauna nyama wala maziwa, hivyo hata asiyetumia vitu hivyo anaweza kuula.

Mwana wa Pangani

Fundi, nimekuelewa na nakubali sahihisho lako. Nilivyoandika mwanzoni nimezipa kuta lawama na sifa zaidi ya kipimo chake, na lile la kijito kunyimwa njia linastahili uzito sawa. Hilo la ukuta kutunga tumbo sikulijua. Sasa naelewa kwa nini yule mzee alikuwa akipitisha kiganja juu ya ukuta wa jirani yake huku akitikisa kichwa.

Binti wa Malindi

Ahsanteni nyote. Nimemsomea mama uzi huu jana usiku, na amefurahi sana kusikia habari za boti. Ana swali lake mwenyewe. Yeye ni muumini wa Kanisa Katoliki na kila anapokwenda hupenda kufika mahali pa sala ambapo wenyeji wenyewe husali, si pale wageni wanapopigia picha tu. Je, lipo zaidi ya lile la bandarini?

Mwana wa Pangani

Lipo, na nashukuru mama ameuliza, kwa sababu nilikuwa nimeliweka akiba bila kujua nitalisemea wapi.

Juu ya Vernazza, kati ya matuta na misitu, kuna mahali patakatifu paitwapo Nostra Signora di Reggio. Waumini hupanda kwa njia ya nyumbu iliyotandazwa mawe, yenye vituo vya Njia ya Msalaba, na sikukuu yake huadhimishwa Jumapili ya kwanza ya Agosti. Sikukuu ya msimamizi wa kijiji chenyewe, Mtakatifu Margherita, ni tarehe 20 Julai. Ndani ya kanisa la Reggio imehifadhiwa picha ya Bikira Maria akiwa na Mtoto, na uso wake ni mweusi. Wenyeji wamempa jina la L'Africana, yaani Mwafrika.

Nilipanda huko safari yangu ya nne, asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya kanisa kukiwa na kivuli cha miti mikubwa na bahari ikionekana mbali chini. Bibi mmoja alikuwa akibadilisha maji ya maua. Alinitazama, akaweka chini jagi lake, akanishika mkono mpaka mbele ya picha, akaionyesha, kisha akanionyesha mimi, akalitamka lile jina kwa furaha kama mtu anayemtambulisha ndugu kwa ndugu. Halafu akarudi kwenye maua yake, akaniacha nisali.

Mama hatahitaji kupanda kwa miguu. Kuna kibasi kinachotoka Vernazza kwenda vitongoji vya juu na kupita Reggio, na barabara yake inakatiza katikati ya kuta zile zile tulizozizungumza, kwa ukaribu wa kuweza kuzigusa ukinyoosha mkono dirishani. Nje ya majira ya joto safari zake ni chache, kwa hiyo ulizieni ratiba siku moja kabla, na hakikisheni saa ya kibasi cha mwisho cha kurudi.